Mbao, Petroli na Taya la Shemeji

Nilimwona Gundi akimvunja shemeji yake taya. Nilikuwa hatua kumi tu kutoka pale, nimeshika kopo la petroli, na mpaka leo masikio yangu hulisikia lile pigo. Halikuwa kishindo. Lilikuwa mlio mfupi, mkavu, kama mtu anayevunja ubao mwembamba juu ya goti.

Gundi alikuwa seremala. Karakana yake na duka langu la kushona viti na magodoro zilitenganishwa na ukuta mmoja tu, tena wa mbao, kwa hiyo kwa miaka kumi na sita nilisikia kila alichopigilia na kila alichotukana. Jina hilo walimpa wateja. Vidole vyake vilikuwa vimeganda gundi siku zote, hata akikupa mkono unahisi umeshika magamba. Halafu akishika jambo, haliachii. Maneno alikuwa mchoyo nayo, lakini mkono wake ulikuwa mwepesi. Baba yake, naye seremala, alimfundisha kazi kwa kumtandika na kipande cha ubao kila kipimo kilipokosewa, na Gundi akakua akiamini kwamba ndivyo vitu vinavyonyooka. Nilishamwona akimtoa mteja nje kwa ukosi wa shati kwa sababu mteja alisema droo inakwama. Droo ilikuwa inakwama kweli.

Starehe yake ilikuwa moja, ndege. Si za kupanda, maana hakuwahi kupanda hata moja. Ni zile za kuunda kwa mikono na kurusha kwa rimoti ukiwa umesimama chini. Mwenzake katika starehe hiyo alikuwa kaka wa mke wake, fundi wa misumeno ya mnyororo, tuliyemwita Pistoni. Mimi niliingia kwa sababu ya kitambaa. Mabawa ya ndege zao yalivishwa kitambaa, na kuvuta kitambaa mpaka kikakaza bila mkunjo ndiyo kazi inayoniweka mjini.

Siku ya taya, Gundi alikuwa anarusha ndege aliyoiunda kwa miaka minne. Rimoti za zamani zilikuwa na ubaya mmoja: mbili zikiwashwa kwenye mawimbi yaleyale, ndege haijui imsikilize nani. Ndiyo maana tulikuwa na sheria kwamba hakuna anayewasha kabla ya kuuliza kwa sauti. Pistoni hakuuliza. Alikuwa ameinamia buti ya gari lake, akitaka kujaribu mapezi ya kuongozea ya kindege chake kidogo, akawasha rimoti. Ndege ya Gundi ikajipindua juu ya uwanja wa mpira, ikachomeka pua ardhini, ikawaka moto.

Gundi hakuukimbilia moto. Aliweka rimoti yake chini taratibu, kama anayeweka kikombe cha chai, akachukua spana ya magurudumu kwenye buti ileile, akampiga Pistoni upande wa uso. Pistoni akaanguka. Gundi akampiga tena akiwa chini, na tena. Hapo ndipo nilipomrukia mgongoni, akanibeba hatua tatu nzima kabla hajanihisi. Meno mawili yalibaki kwenye nyasi. Niliyaokota nikayafunga kwenye leso. Sijui nilidhani daktari atayarudisha.

Alifungwa miaka mitatu. Hakimu alipomuuliza kama ana la kusema, Gundi alisema ndege ile ilikuwa na kilo kumi na moja.

Mke wake alikuwa muuguzi, mtaa mzima tulimwita Sista. Mume akawa jela, na kaka yake akawa kalala sebuleni kwake, taya limefungwa kwa waya, analishwa supu kwa mrija wiki saba. Sista alikwenda gerezani mara moja tu. Alimwambia mumewe kwamba sikio la kushoto la kaka yake halisikii tena na halitasikia, akamwachia sabuni, akaondoka kabla muda wa kutembelea haujaisha.

Huko gerezani Gundi aliwekwa karakana ya useremala. Alipigana hukohuko: mtu mmoja alimng'ata kipande cha sikio, naye akamvunja mtu huyo vidole viwili. Lakini ndiko alikoanza kuchora. Nyuma ya karatasi za oda za madawati alichora ndege ya kivita ya zamani, ya rubani mmoja, yenye pua ndefu na mabawa yaliyoshika chini ya kiwiliwili, kila kipimo kimegawanywa kwa nne. Alichora kila ubavu wa bawa peke yake. Alitoka na bunda la karatasi chini ya shati.

Sista alimfungulia mlango, akabaki amesimama katikati ya mlango. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia alichomwambia. "Ukiinua mkono tena kwa mtu yeyote, naondoka. Sitakuuliza nani alianza." Gundi aliitikia kwa kichwa, akaingia, akaoga, na kesho yake akafungua karakana.

Ndege ile ilimlia mwaka na nusu. Mabawa, ncha hadi ncha, yalikuwa mita mbili na robo tatu. Ilibidi ang'oe mlango wa nyuma ili yatoke. Mbavu alizikata kwa plaiwudi nyembamba, moja moja, na iliyokosea hata milimita moja aliivunjavunja kwa nyundo mpaka ikawa unga. Nilikuwa nikimsikia kupitia ukutani. Kishindo, kimya, halafu msumeno unaanza upya. Mimi nilivisha mabawa na mkia, nikapasha kitambaa pasi mpaka kikalia kama ngoma ukikigonga kwa kidole. Ndege ilipokamilika ilikuwa na kilo kumi na nane, na haikuwa na injini.

Injini ya kubeba uzito ule haikuwa kwenye duka lolote tulilolijua. Ilibidi itengenezwe kwa misumeno miwili mikubwa ya kukatia magogo, silinda mbili zitazamane, zizungushe mhimili mmoja. Mtu aliyeweza kazi hiyo tulimjua wote wawili. Gundi alikaa na ndege yake bila injini wiki tatu. Kisha akaja dukani kwangu, akasema twende, ili akiuawa awepo wa kutoa ushahidi. Sijawahi kujua kama ulikuwa utani.

Tulimkuta Pistoni amepiga magoti mbele ya msumeno uliofunguliwa. Alipotuona alisimama polepole, akatugeuzia sikio la kulia. Taya lake lilikuwa limepona kwa kupinda. Maneno yalimtoka upande mmoja wa mdomo, na kila sentensi mbili alijifuta mate kwa kitambaa. Gundi alitandaza mchoro juu ya benchi, akaeleza anachotaka, ukubwa wa silinda na uzito wa ndege. Hakuomba msamaha. Nilimkanyaga mguu, lakini wapi.

Pistoni aliusoma mchoro wote. Kisha akauliza, "Ulinipiga mara ngapi?"

"Tatu."

"Nikurudishie hizo tatu, kisha nikutengenezee injini."

Gundi alipeleka mikono nyuma, akaichomeka yote miwili ndani ya mkanda wa suruali. Nilianza kusema kitu, Pistoni akaninyooshea spana akaniambia nitoke au ninyamaze. Nilinyamaza, na jambo hilo halinipi sifa.

Pigo la kwanza lilitua juu ya kifua, mtulinga, ule mfupa wa begani, ukavunjika. Niliuona mfupa ukiinua ngozi. Gundi alipiga goti, akasimama. La pili lilimpata mbavuni, akaegemea ukuta, akatapika kidogo, akasimama tena na mikono yake bado iko ndani ya mkanda. Pistoni aliinua spana kwa ajili ya la tatu. Alikuwa analia kwa hasira, mate na machozi yanachuruzika pamoja, na spana ikabaki hewani muda ambao mimi niliona kama saa nzima. Mwishowe aliligeukia tangi la ule msumeno uliokuwa chini, akalipiga mpaka likapasuka na petroli ikamwagika miguuni mwetu.

"Toka," akasema. "Uje Jumatatu."

Sista alimfunga mumewe bega jikoni, kwa kuvuta kweli, bila kumwonea huruma. Alipomaliza alivaa viatu akaenda kwa kaka yake, akamzaba kofi upande wa taya zima, akarudi. Kisha akasema, na mimi nipo, "Nimewaosha damu nyote wawili. Maji yangu yameisha."

Walifanya kazi miezi sita. Ilikuwa chuki yenye utaratibu. Hawakusalimiana, hawakula pamoja, waliambiana vipimo tu. Pistoni alikereza mhimili kutoka kwenye chuma kigumu, akautupa, akakereza mwingine. Gundi alichonga propela kwa mbao ngumu, inchi ishirini na nane, akaipiga msasa mpaka ukiining'iniza kwenye sindano haielemei upande wowote. Nililoliona mimi ni dogo tu: kila Gundi alipotaka kusema, alizunguka benchi kwanza akasimama upande wa sikio linalosikia.

Mara ya kwanza kuiwasha, injini ilipiga kinyume, propela ikarudi nyuma ikamng'oa Gundi ukucha wa kidole cha kati pamoja na nyama yake. Akafunga kitambaa, akaizungusha tena. Iliwaka. Mlio wake haukuwa wa msumeno wala wa pikipiki. Ulikuwa kitu kinachokugonga kifuani, na misumari ndani ya makopo kwenye rafu ikaanza kucheza. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya taya niliwaona watu hawa wawili wakitazama kitu kimoja na nyuso zao zikiwa sawa.

Ajali ilitokea kwenye jaribio la tano. Injini ilikuwa imefungwa kwa bolti kwenye benchi, inazunguka mara elfu sita kwa dakika, na Pistoni ameinama kando yake na bisibisi, anarekebisha kabureta. Sikio lake la kushoto ndilo lililoelekea propela. Mimi nilikuwa mlangoni na sikusikia chochote, lakini Gundi alisikia mbao. Alisema baadaye kwamba sauti iliongezeka uzi mmoja mwembamba juu yake, kama kuni inayolia motoni. Alimpigia kelele Pistoni. Pistoni hakugeuka. Gundi aliruka juu ya benchi, akamkumba kwa bega, wakaanguka wote sakafuni.

Pistoni alijua jambo moja tu, kwamba mtu huyu amemrukia tena. Alikuwa na bisibisi mkononi. Akamchoma Gundi kwenye mkono, chini ya kiwiko, akaichomoa akamchoma tena, na ya tatu ilikuwa inaenda shingoni propela ilipopasuka.

Kipande kimoja kilinipata pajani. Nilikiona kimesimama kwenye nyama yangu kabla sijasikia maumivu. Kingine kilizama ukutani. Injini iliyobaki na nusu propela ilitikisika ikang'oa bolti zake, ikaanguka, ikajiburuta sakafuni inatema moto, ikakata mguu wa meza, ikajikita kwenye rundo la mbao. Nilijikokota nikaimwagia mchanga wa ndoo, nikamwaga na ndoo ya pili, mpaka ikafa.

Kulipotulia, Pistoni alikuwa bado amemkalia Gundi kifuani, bisibisi ikidondosha damu.

"Sikukupiga," Gundi akasema kutoka chini. "Nilikusukuma."

Pistoni aliinua macho. Kipande cha propela kilikuwa kimezama ukutani vidole vinne, palepale shingo yake ilipokuwa. Alishuka kifuani mwa Gundi, akakaa sakafuni, bisibisi ikamponyoka.

"Sikusikia," akasema.

"Najua. Mimi ndiye niliyekuziba sikio."

Sista alitushona mimi na mumewe kwenye meza ya kulia chakula, mimi nyuzi kumi na moja, Gundi tisa. Hakutuuliza kilichotokea, akatukataza tu kupiga kelele kwa sababu majirani wanapumzika.

Injini ilijengwa upya. Safari hii Gundi alibandika propela kwa tabaka za mbao nyembamba, gundi kwa gundi, na Pistoni akaongeza bolti mara mbili. Asubuhi moja isiyo na upepo tuliipeleka ndege uwanjani juu ya gari la kubebea viti vyangu. Sista alikuja pia. Alisimama kando ya gari na sare yake ya kazi, mikono kifuani.

Ndege ilikimbia uwanja wote, ikainua mkia, ikaondoka chini. Jamani, niliyevisha mabawa yale ni mimi, na bado sikuamini kwamba kitu kile kilitoka kwenye vyumba vyetu. Ilipanda, ikapinda, ikashuka kwa kasi juu ya vichwa vyetu na mngurumo ulionifanya niiname bila kutaka. Gundi aliizungusha mara nne. Rimoti ilikuwa ya kisasa, isiyoingiliana na ya mtu. Baada ya mzunguko wa nne alimsogelea Pistoni kwa upande wa kulia, akampa rimoti. Pistoni hakuwa ameshika rimoti tangu siku ya taya.

Aliirusha vizuri. Aliirusha vizuri kuliko Gundi, na wote tuliliona hilo. Dakika ya tatu mlio ukakatika nusu. Pistoni moja ya injini ilikuwa imekwama ndani ya silinda yake; injini ikapiga chafya mara mbili, ikazima. Pistoni alijaribu kuirudisha uwanjani, na karibu aweze. Ilishuka kimya, ikavuka miti, ikavuka uzio, halafu bawa la kushoto likagonga mwamba wa goli. Bawa lilikatika shinani. Kiwiliwili kilibiringika mara tatu, mkia ukaruka kivyake.

Gundi alikuwa ameshaanza kukimbia. Alifika pale, akainama, akainuka na mguu wa tairi la ndege, chuma cha urefu wa mkono, akarudi nao akija moja kwa moja kwa Pistoni. Hakuwa anakimbia tena. Niliujua mwendo ule. Nilitaka kumzuia, lakini mguu wangu ulioshonwa haukunitii. Pistoni hakukimbia. Aliweka rimoti kwenye nyasi, akasimama wima, akafumba macho.

Zilibaki hatua tatu. Gundi akageuka. Alirudi kwenye mabaki akaanza kuyapiga. Alipiga kiwiliwili, akapiga bawa lililosalia, akapiga mbavu alizozikata moja moja, vitambaa vikapasuka, vibanzi vikamruka usoni, na kila pigo alilipiga kwa sauti ya mtu anayenyanyua mzigo. Aliendelea mpaka chuma kikapinda na viganja vikachanika. Hakukuwa na kipande kilichobaki kirefu kuliko kiganja. Ndipo akakaa juu ya rundo lile akawa anahema.

Sista alitembea mpaka mbele yake.

"Hukumpiga," akasema. "Nimeona. Lakini nimeiona na sura yako, na ni ileile."

Jioni hiyo alihamia nyumba za wauguzi, nyuma ya hospitali.

Wiki iliyofuata Pistoni alikuja karakana amebeba injini iliyofunguliwa. Aliweka pistoni ya kushoto mbele ya Gundi, imekwaruzwa upande mmoja kama iliyolambwa na msasa. Injini za aina ile hunywa mafuta ya kulainisha yaliyochanganywa ndani ya petroli yenyewe, na yakipungua, chuma kinakula chuma. Pistoni aliuliza swali moja, nani alichanganya petroli asubuhi ile. Alichanganya Gundi. Mimi nilikuwepo akichanganya, akiwa na haraka, macho yakiwa angani.

Gundi aliigeuzageuza ile pistoni mkononi siku nzima. Kesho yake akaenda hospitali alikokuwa amesikia kwamba shemeji yake amepelekwa kusafishwa sikio, akamkuta kwenye benchi la korido kati ya wagonjwa. Sista alikuwa akipita na trei ya dawa, ndiye aliyenihadithia. Gundi alisimama mbele ya watu wote, upande wa kulia, akasema kwa sauti kubwa mno kwa mahali kama pale: "Shemeji, nilikupiga kwa sababu nilitaka kupiga. Ndege ilikuwa kisingizio. Naomba unisamehe."

Pistoni alijifuta mdomo. Akasema, "Nilijua." Kisha akamwambia akae, kwa kuwa ameziba foleni ya watu.

Sista alirudi nyumbani baada ya miezi minne, mchana, na begi lake, akakuta vyombo vimeoshwa. Kwamba wamepatana kabisa siwezi kusema. Pistoni mpaka leo hampi Gundi mgongo. Akiingia karakana hutafuta kiti kinachotazama mlango. Gundi bado hupigapiga vitu. Mwezi uliopita nilisikia droo nzima ikienda ukutani, halafu kimya kirefu, halafu randa. Lakini hajampiga mtu, na mwaka huu ni wa tano.

Wanaunda nyingine sasa, kubwa kidogo kuliko ile. Petroli huchanganya Pistoni, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kugusa kopo. Mabawa waliniletea juzi, yameegeshwa nyuma ya magodoro. Gundi anataka kitambaa cha kijivu. Nimemwambia nina cha kijani tu, naye ameniangalia kwa muda, akavuta pumzi, akasema tutazungumza.